Jan Tschichold: Kutoka bango la sinema hadi ukurasa wa kitabu

Mwaka 1927, watu waliopita katika mitaa ya mji wa Munich, kusini mwa Ujerumani, walianza kuona mabango ya sinema ya aina ambayo hawakuizoea. Bango la sinema la siku zile lilikuwa mchoro wa rangi nyingi: mwanamke mwenye machozi, mwanamume aliyekunja uso, na jina la filamu limechorwa kwa herufi za madoido. Mabango haya mapya yaliacha sehemu kubwa ya karatasi wazi. Yalikuwa na picha moja au mbili za kamera, mistari michache iliyonyooka, rangi mbili au tatu, na herufi nyofu zisizo na pambo lolote.

Aliyeyabuni alikuwa kijana wa miaka 25, Jan Tschichold. Jina lake hutamkwa takriban Chihold. Leo anahesabiwa miongoni mwa wabunifu wakubwa wa maandishi ya kuchapwa katika karne ya 20, na baadhi ya mabango hayo yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York, Marekani. Lakini kazi hiyo ya kupanga herufi na picha haikumletea sifa tu. Ilichangia kumtia kizuizini, ikamtoa katika nchi yake, na baadaye ikamgombanisha na watu waliomfuata.

Alifikaje huko? Na kwa nini mtu aliyewafundisha wenzake kuvunja kanuni za zamani alirudi kuzitetea?

Mtoto wa mchora vibao

Tschichold alizaliwa tarehe 2 Aprili 1902 mjini Leipzig, mashariki mwa Ujerumani. Baba yake, Franz, alikuwa mchora vibao, yaani fundi wa kuandika majina ya maduka na matangazo kwa brashi. Mtoto alikua akimsaidia baba yake, kwa hiyo alijua mapema kwamba herufi ni kitu kinachotengenezwa kwa mkono, na kwamba ikiharibika kila mpita njia ataiona.

Mji wenyewe ulikuwa shule. Leipzig ulikuwa kitovu cha biashara ya vitabu nchini Ujerumani, wenye wachapishaji, viwanda vya uchapaji na mafundi wa kutengeneza herufi za risasi. Mwaka 1914, Tschichold akiwa na umri wa miaka 12, mji huo uliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa ya uchapaji na sanaa ya vitabu, naye alikwenda mara kwa mara kutazama.

Alitamani kuwa mchoraji. Wazazi wake waliona kwamba msanii hana kipato cha uhakika, wakakubaliana asomee ualimu wa kuchora. Alipelekwa chuo cha ualimu katika mji mdogo wa Grimma. Huko alijifundisha mwandiko wa kalamu kwa kusoma vitabu vya mabingwa wa fani hiyo. Mwaka 1919 aliacha ualimu akajiunga na chuo cha sanaa na uchapaji mjini Leipzig. Alikuwa hodari kiasi kwamba mwaka 1921, akiwa na miaka 19 tu, alikabidhiwa kufundisha darasa la jioni la uandishi wa herufi.

Jambo hili ni la kukumbukwa katika yatakayofuata. Tschichold hakukataa mtindo wa zamani kwa kutoujua. Aliujua vizuri kuliko wengi wa rika lake.

Safari ya Weimar

Mwezi Agosti 1923 alisafiri hadi mji wa Weimar kutazama maonyesho ya Bauhaus, shule ya usanifu na sanaa iliyokuwa ikivuma wakati huo. Alirudi akiwa amechafukwa na mawazo.

Kumbuka hali ya Ujerumani ya mwaka ule. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imemalizika miaka mitano kabla, Ujerumani ikiwa imeshindwa. Fedha zilikuwa zimepoteza thamani kiasi kwamba noti zilibebwa kwa mabunda kununua mkate. Vijana wengi waliona kwamba dunia ya wazee wao imefilisika, pamoja na mapambo yake yote. Wasanii kama László Moholy-Nagy wa Hungaria na El Lissitzky wa Urusi walikuwa wakisema kwamba zama za mashine, treni na kamera zinataka maandishi ya namna nyingine.

Mpaka wakati huo, mchapaji alipanga maneno katikati ya ukurasa, mstari juu ya mstari, pande mbili zikilingana kama mizani. Vitabu vingi vya Kijerumani vilichapwa kwa herufi nzito zenye kona kali, zinazofanana na mwandiko wa watawa wa kale. Mtindo mpya ulitaka kinyume chake. Mstari uanzie pale maana inapotaka uanzie, si lazima katikati. Herufi ziwe nyofu, bila vikia mwishoni. Picha ya kamera ichukue nafasi ya mchoro. Sehemu tupu ya karatasi nayo ihesabiwe kuwa kifaa cha kazi, kama wino.

Tschichold alivutiwa hata akabadili jina lake la kwanza akawa Iwan, kwa kuipenda Urusi ya wasanii hao. Oktoba 1925 aliandaa toleo maalumu la jarida la wachapaji la Leipzig, akieleza mtindo huo mpya hatua kwa hatua. Jarida hilo halikuandikiwa wasanii. Liliandikiwa mafundi wa viwandani, wale wanaosimama mbele ya mashine kila asubuhi, na ndiyo maana mawazo hayo yalienea.

Kazi ya Phoebus-Palast

Mwaka 1926 mbunifu Paul Renner, anayejulikana kwa herufi zake ziitwazo Futura, alimwita Tschichold kwenda kufundisha wachapaji mjini Munich. Iwan lilionekana jina la Kirusi mno kwa mji ule wenye siasa za kihafidhina, naye akaanza kutumia Jan.

Huko ndiko alikopata kazi ya kubuni mabango ya Phoebus-Palast, moja ya kumbi kubwa za sinema za Munich. Filamu bado hazikuwa na sauti. Hakukuwa na televisheni, na redio ilikuwa changa. Bango la ukutani lilikuwa njia kuu ya kumwambia mtu wa mtaani kwamba leo kuna filamu gani na nani anacheza.

Kazi hii ina masharti yake. Kwanza, bango huishi muda mfupi, kwa sababu filamu ikibadilika hubandikwa jingine. Pili, kila rangi inayoongezwa ni karatasi kupita tena kwenye mashine, yaani gharama na muda zaidi. Tatu, msomaji wa bango hajakaa kitini. Anatembea, ana haraka, na ana sekunde chache tu.

Tschichold aliyageuza masharti hayo kuwa mtindo. Badala ya rangi sita alitumia mbili au tatu, na weupe wa karatasi ukahesabiwa kuwa rangi nyingine. Badala ya kuchora waigizaji upya, alitumia picha zao zilizopigwa kwa kamera, akazikata na kuzipanga. Badala ya kujaza maneno, aliacha machache: jina la filamu, jina la mwigizaji, jina la ukumbi. Mabango hayo yalikuwa na urefu wa takriban sentimita 120 na upana wa sentimita 84.

Tazama lile la filamu Die Frau ohne Namen, yaani Mwanamke Asiye na Jina. Mistari inatokea kwenye nukta moja na kutawanyika, kama reli zinavyoonekana kukutana kwa mbali. Picha za waigizaji zimewekwa kwa kuifuata mistari hiyo, na jina la filamu limeinamishwa pamoja nayo. Hakuna aliyechorwa akikimbia, lakini jicho linahisi mwendo.

Filamu Laster der Menschheit, yaani Maovu ya Wanadamu, ilihusu uraibu wa kokeini. Ndani yake alicheza Asta Nielsen wa Denmark, mmoja wa nyota wakubwa wa filamu zisizo na sauti. Mchoraji mwingine angeweza kuchora unga, sindano na watu walioanguka. Tschichold aliuweka uso wa Nielsen kana kwamba unamulikwa kwenye pazia la sinema. Mpita njia aliuona uso anaoujua, akasoma jina, akaelewa kwamba ni habari ya sinema.

Die Hose ilikuwa ya kuchekesha. Ni hadithi ya mke wa mtumishi wa serikali ambaye suruali yake ya ndani inamdondoka hadharani, mbele ya umati. Kwa kisa kama hicho kishawishi cha kuchora kichekesho kilikuwa kikubwa. Bango la Tschichold lina picha ya waigizaji ndani ya duara, na maumbo ya mshazari yanayokatiza karatasi. Alitengeneza pia mabango ya filamu nyingine, zikiwemo Napoleon na ile ya mchekeshaji Mmarekani Buster Keaton, iliyoitwa Der General.

Katika ukuta uliojaa rangi na nyuso zinazopiga kelele, bango lenye nafasi tupu ndilo lililolisimamisha jicho. Hata hivyo mtindo huo ulikuwa na gharama yake. Neno lililoinamishwa husomeka polepole kuliko neno lililonyooka. Kwa maneno manne ya bango hilo si tatizo. Kwa kitabu cha kurasa 300 ni habari nyingine, na Tschichold angekuja kulitafakari jambo hilo baadaye.

Kitabu cha mwaka 1928

Mwaka 1928 alitoa kitabu Die neue Typographie, yaani Upangaji Mpya wa Maandishi. Aliandika kwa uhakika wa kijana. Herufi zenye vikia zilikuwa zimepitwa na wakati. Kupanga maneno katikati ya ukurasa lilikuwa kosa. Mapambo yalikuwa uongo. Mabango yake ya sinema yalikuwa miongoni mwa mifano ndani ya kitabu hicho.

Lakini kitabu hicho kilikuwa pia mwongozo wa kazi za kila siku: barua, kadi, tangazo, kitabu cha orodha ya bei. Alihimiza wachapaji watumie vipimo vya karatasi vilivyowekwa Ujerumani mwaka 1922, ambavyo kila kipimo ni nusu ya kile kilicho juu yake. Karatasi ya A4 unayoinunua dukani au kuiona kwenye mashine ya kutoa nakala inatokana na vipimo hivyo hivyo.

Kukamatwa

Mwezi Januari 1933 Adolf Hitler aliingia madarakani. Mwezi Machi Wanazi waliishika Munich, na siku chache baadaye Tschichold na mkewe Edith walikamatwa. Nyumbani kwao yalikutwa mabango ya Kisovieti. Alituhumiwa kwamba kazi zake zinaeneza Ukomunisti kupitia utamaduni na kwamba si za Kijerumani. Alipoteza kazi ya ualimu na kuwekwa kizuizini kwa wiki kadhaa. Renner, aliyemleta Munich, naye alikamatwa na kupoteza nafasi yake.

Kwa mtu wa leo inaweza kuwa vigumu kuelewa serikali kugombana na umbo la herufi. Lakini utawala wa Hitler ulitaka kila kitu kionyeshe Ujerumani ya aina moja, ya kale na yenye nguvu, na mabango yalikuwa miongoni mwa vyombo vyake vya kusema na wananchi. Katika mji huo huo wa Munich aliishi Ludwig Hohlwein, mchora mabango mashuhuri kuliko wote nchini. Yeye alijiunga na chama cha Nazi na kuutengenezea utawala huo mabango. Wabunifu wawili wa mji mmoja na fani moja wakashika njia mbili.

Baada ya kuachiwa, Tschichold aliondoka na mkewe na mtoto wao mdogo. Mwezi Julai 1933 walifika Basel, nchini Uswisi. Hakurudi tena kuishi Ujerumani. Na herufi za kale ambazo Wanazi walizitukuza kuwa za Kijerumani halisi? Mwaka 1941 wao wenyewe walizipiga marufuku, wakidai kwamba zina asili ya Kiyahudi, na wakaamuru zitumike herufi za kawaida za Kilatini.

Kubadili mawazo

Maisha ya Basel yalianza kwa shida. Alikuwa mkimbizi mwenye kibali cha muda, mshahara mdogo na kazi za saa chache katika kiwanda cha uchapaji na shule ya ufundi. Bado alitengeneza mabango mazuri. Mwaka 1938 alibuni bango la maonyesho ya wapiga picha, ambamo uso wa mwanamke umeonyeshwa kama picha hasi, ile ambayo kabla ya kusafishwa weupe wake ni weusi na weusi wake ni weupe.

Lakini kazi yake kubwa sasa ilikuwa vitabu, na vitabu vilimbadilisha. Alianza kurudia herufi zenye vikia na kupanga majina ya vitabu katikati ya ukurasa, yale yale aliyoyakataza mwaka 1928. Wafuasi wake walishangaa. Mwaka 1946 Max Bill, msanii wa Uswisi aliyeheshimu kazi zake za ujanani, alimshambulia hadharani akimwona msaliti wa mtindo mpya.

Jibu la Tschichold lilikuwa zito. Alisema kwamba mtindo mpya unafaa kwa matangazo na mambo ya biashara, lakini riwaya au kitabu cha mashairi kina msomaji mwingine, mwenye saa nyingi na subira, naye asisumbuliwe na ubunifu wa mpangaji. Kisha akaongeza jambo lililowauma wengi. Alipotazama nyuma, aliona kwamba ule ukali wake wa ujanani, wa kukataa kila njia isipokuwa moja, ulifanana na roho ya amri iliyoitawala Ujerumani ya Hitler. Aliyasema hayo akiwa mtu aliyewahi kulala kizuizini kwa amri ya watu hao, kwa hiyo haikuwa rahisi kumpuuza.

Wapo mpaka leo wanaoona kwamba alikosea kulinganisha mambo hayo mawili. Kupanga mstari upande wa kushoto si udikteta. Lakini hoja yake ya kwanza imebaki na nguvu: bango husomwa kwa sekunde, riwaya kwa saa nyingi, na anayepanga maandishi lazima ajue kwanza anampangia nani.

Vitabu vya watu wengi

Mwaka 1947 kampuni ya Penguin ya Uingereza ilimwita London. Penguin ilikuwa ikiuza vitabu vya jalada laini kwa bei nafuu, kwa maelfu. Vilichapwa katika viwanda mbalimbali na kila kiwanda kilikuwa na mazoea yake. Kimoja kiliacha nafasi pana mno kati ya maneno, kingine kiliweka alama za uandishi kivyake.

Tschichold aliandika kanuni za kurasa nne tu na kuzipeleka kwa wachapaji wote. Alipitia majalada, akachora upya hata yule ndege aliye nembo ya kampuni. Kwa muda wa takriban miaka mitatu alisimamia zaidi ya vitabu 500. Mtu wa kawaida aliyenunua kitabu cha bei ndogo alipata ukurasa uliopangwa kwa uangalifu kama wa kitabu cha tajiri. Mwaka 1949 thamani ya pauni ya Uingereza iliposhushwa, mshahara wake ulipungua nguvu, naye akarudi Uswisi, nchi iliyokuwa imempa uraia mwaka 1942.

Mwaka 1967 ilitoka kazi yake kubwa ya mwisho, herufi ziitwazo Sabon. Wachapaji wa Ujerumani walitaka herufi ambazo zingetoka sawasawa katika njia tatu tofauti za kupanga maandishi, iwe kwa mkono au kwa mashine za aina mbili. Alizijenga juu ya herufi za Kifaransa za karne ya 16. Zilikuwa herufi zenye vikia, zinafaa kusomwa kwa muda mrefu, na hadi leo zinatumika vitabuni.

Jan Tschichold alifariki tarehe 11 Agosti 1974 mjini Locarno, Uswisi, akiwa na umri wa miaka 72.

Mabango ya Phoebus-Palast yalibuniwa yakae ukutani siku chache, kisha yafunikwe na mengine. Yaliyosalia sasa hutazamwa kwenye makumbusho na watu ambao hawajawahi kuziona filamu zenyewe. Na ugomvi wake na nafsi yake bado unaonekana katika kila tunachosoma. Ukifungua riwaya, mara nyingi utakuta jina lake limepangwa katikati ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi zenye vikia, kama alivyotetea uzeeni. Ukisoma makala kama hii kwenye simu, huenda herufi ni nyofu, mistari inaanzia kushoto, na nafasi imeachwa wazi kati ya sehemu na sehemu, kama alivyopigania alipokuwa kijana wa miaka 25 mjini Munich.